Kinyozi na Neno "Taharuki"

Enyi wananchi watukufu! Tegeni masikio! Leo yanatangazwa mambo mazito ya taifa: bunge, sheria, haki na uhuru. Simameni wima, vueni kofia.

Haya, kaeni. Mambo yenyewe yanaanzia kwenye kiti cha kinyozi, na kiti hicho kilihitaji mafuta, maana kila kikizungushwa kililia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kinyozi mwenyewe aliitwa Redio. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Alianza kuongea akifungua mlango asubuhi, akanyamaza akifunga kufuli jioni. Watu walikuja kwake kunyolewa, lakini wengi walikuja kubishana. Kwenye benchi lake walibishania mpira, bei ya sabuni, maji yasiyotoka na viongozi wasioonekana. Mwenye nywele alinyolewa. Mwenye upara alikaa bure.

Asubuhi moja taarifa ya habari ilisema kwamba Muswada wa Utulivu wa Umma umesomwa bungeni. Kifungu kimoja kilimgusa Redio penyewe. Maneno "yenye kuleta taharuki" yakisemwa dukani, mkahawani au kwa kinyozi, mwenye biashara ndiye atakayejibu, na leseni yake itafutwa.

Redio alizima mashine. Mteja akabaki amenyolewa upande mmoja.

"Umesomwa," Redio alinong'ona. "Basi, kwisha."

Kabla ya jua kuzama alikuwa amebandika tangazo ukutani: HAPA NI NYWELE TU. KUONGEA MARUFUKU.

Kesho yake akaja fundi bomba. Alisoma tangazo, akacheka. Redio hakucheka. Basi fundi akapitisha kiganja juu ya kichwa, akimaanisha apunguziwe kidogo. Redio akaelewa anataka kipara. Fundi alipojiona kwenye kioo alipiga ukelele hata mteja mmoja akakimbilia nje na shuka shingoni.

"Wewe! Jumamosi naenda ukweni!"

"Shhh! Leseni yangu!"

"Leseni yako? Na kichwa changu je?"

Haikuchukua muda, benchi likawa tupu. Kumbe watu walikuwa wanalipia maneno, nywele ni nyongeza tu. Hata nyumbani Redio alikula kimya, macho kwenye sahani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "umenyamaza mpaka nyumba inaniogopesha. Leseni unaihifadhi, wateja huna. Tutakula huo ukimya?"

Redio akamega tonge jingine. Mkewe akamwita mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa hati katika ofisi ya wakili.

Mdogo mtu alianza kutania kabla hajavua viatu. "Shemeji, nasikia redio imeharibika. Nimekuja na betri."

"Shemeji, usinichekeshe. Sheria imetoka."

"Nani kasema imetoka?"

"Taarifa ya habari. Imesema umesomwa bungeni."

"Umesomwa. Imesema umepitishwa?"

Redio alikuna kidevu. "Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa. Ukishamfunika mteja shuka, tayari umemnyoa?"

"Bado."

"Unafanya nini kwanza?"

"Namwonyesha kwenye kioo. Namuuliza, nikate hapa au hapa?"

"Akikataa?"

"Naacha. Kichwa ni chake."

"Basi muswada bado uko kwenye kioo. Muswada ni pendekezo la sheria. Unasomwa bungeni ili ujulikane. Kisha unapelekwa kwenye kamati, na kamati inawaita wananchi watoe maoni. Baadaye wabunge wanaujadili, wanaweza kuubadili, halafu wanapiga kura. Ukipita na kutiwa saini na mkuu wa nchi, hapo ndipo unakuwa sheria. Wewe hata hujaulizwa, umeshajinyoa mwenyewe!"

Mke wa Redio alicheka mpaka akashika mlango.

"Na mtu kama mimi anaweza kwenda huko?" Redio aliuliza. "Mtu wa mkasi?"

"Si umesema kichwa ni cha mwenyewe? Kamati itakaa ukumbi wa halmashauri Alhamisi. Kuingia ni bure. Asiyeweza kufika anaandika. Ila usiende kutukana, shemeji. Sema wewe ni nani. Taja kifungu. Eleza kitakuumiza vipi. Halafu sema unataka kiwe vipi."

"Na nikisema wakaniandama?"

Shemeji aliacha utani. "Kutoa maoni ni haki yako, na wao wenyewe ndio wanaokuita. Mimi na dada tutakaa nyuma yako."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wauza magazeti walikuwapo, walimu, wenye mikahawa. Wengine waliutetea muswada, na walisikilizwa vilevile. Zamu ya Redio ilipofika, alisimama kama mnara, bila kutetemeka hata kidogo, na sauti yake ilinguruma.

"Waheshimiwa, mimi ni kinyozi. Nasemea kifungu cha tisa. Kinasema maneno yenye kuleta taharuki. Taharuki inapimwa na nani, na kwa kipimo gani? Juzi kwangu fundi bomba alipiga ukelele, mtu akakimbia na shuka. Ile ni taharuki. Chanzo ni mimi, nilimnyoa kipara."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, alitabasamu, kisha akauliza, "Na mtu akikaa kwenye benchi lako akawachochea watu wampige jirani yao?"

"Huyo ashtakiwe yeye, mheshimiwa, na sheria itaje kosa lake wazi. Mkinitisha mimi mwenye kiti, nitawanyamazisha wote. Nitamnyamazisha mchochezi, na nitamnyamazisha anayeuliza maji yatatoka lini. Nimeshafanya hivyo. Benchi langu ni tupu."

Muswada uliporudi bungeni, kifungu cha tisa kilikuwa kimebadilika. Mwenye biashara hatajibu tena kwa maneno ya mteja. Neno "taharuki" lilifutwa, na mahali pake pakatajwa kosa la kuchochea watu wampige mtu. Si kila walichoomba wananchi kilikubaliwa. Kifungu kingine cha muswada huo, cha mikutano ya hadhara, bado kinabishaniwa, hasa kwenye benchi la Redio, ambalo limejaa tena hata hakuna pa kukaa.

Hapa msimulizi alitaka kuweka nukta na kupigiwa makofi. Lakini mke wa Redio alikuwa ameyasoma haya yote, na kidole chake kikasimama penye maneno mawili.

"'Bila kutetemeka'? Nani kakwambia? Mimi nilikaa nyuma yake. Suruali ilikuwa inapepea kama imeanikwa! 'Waheshimiwa' yenyewe ilimkwama, mpaka mdogo wangu akampa maji."

Basi nimekamatwa, nakiri. Alitetemeka. Hakunguruma pia, mwenyekiti alimwomba aongeze sauti. Niliona shujaa hapendezi akiwa hivyo. Lakini maneno yake sikuyagusa. Yote aliyasema vivyo hivyo, huku anatetemeka, na kamati iliyaandika.