Saa ya Kusikiliza Gizani

Rafiki yangu Ndolo, mkusanyaji wa saa za mkono kule Syokimau, aliitamani saa ya mjomba wake miaka mingi. Haikuwa na betri. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni, inagonga kengele ya sauti nyembamba kukuambia wakati hata gizani. Mjomba alipofariki, mjane wake, Anti Syombua, alimkabidhi Ndolo saa hiyo amvalishe marehemu, azikwe nayo. Ndolo alimvalisha nyingine ya sokoni, ile akaitia mfukoni.

Juzi jioni alipeleka simiti kwa Anti huko Mitaboni, ya kujengea kaburi la mjomba, ambalo bado lilikuwa tuta la udongo mwekundu. Akiwa ndani ya stoo, amekumbatia mfuko kwa mikono miwili, stima ikapotea, kukawa giza.

"Asante kwa kumvalisha, mwanangu," Anti alisema kutoka mlangoni. "Huko chini ni giza, lakini angalau atajua ni saa ngapi."

Ndipo kengele ikaanza kugonga mfukoni mwa Ndolo, polepole, naye bado ameukumbatia ule mfuko. Anti alisikiliza hadi mlio wa mwisho.

Stima iliporudi, Anti hakuwepo mlangoni. Ndolo aliitoa saa. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la kijivu la simiti. Penye kitufe palikuwa na alama ya dole gumba, ya udongo mwekundu, bado mbichi.