Koti Jeupe la Dada Shadia

Kila asubuhi Zuhra alifagia mbele ya duka la baba yake mjini Kasulu, na kila asubuhi jirani yao, Bibi Maximilla, alipita na maharage yake akielekea sokoni. "Mwakeye, mwana wanje," bibi alimsalimia kwa Kiha, naye Zuhra aliitikia. Sauti ya bibi ilikuwa nzito na tamu, na kwaya ya kanisani kwao ilimtegemea. Lakini mwaka ule wa 2014 rovu, ule uvimbe wa shingoni aliokuwa nao tangu ujana, lilikuwa limekua mno. Kumeza ugali kulimtesa, na usiku alilala ameketi ili apate pumzi.

Kisha ikaja habari njema. Daktari bingwa wa upasuaji angekuwepo hospitalini kwa juma moja, na Bibi Maximilla alikuwa miongoni mwa watakaopasuliwa. Alifunga mfuko wake wa nguo mapema, akauweka mlangoni.

Wakati huohuo Shadia, dada yake Zuhra, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alisomea udaktari Mwanza. Koti lake jeupe lilitundikwa uani, maana mama alikataa katakata lisiingie jikoni. Hata baada ya kufuliwa lilinuka dawa ya kuhifadhia maiti.

Zuhra alikuwa darasa la sita, na alipenda kusikilizwa kuliko alivyopenda kula. Siku moja alilitia koti lile kwenye begi lake bila ruhusa. Wakati wa mapumziko alilivaa, mikono ikining'inia kupita vidole vyake, akawaambia wenzake walinuse. Aliwasimulia jinsi dada yake anavyopasua maiti chuoni ili ajue mwili ulivyo ndani. Hadi hapo alisema kweli. Ndipo Japhet, mjukuu wa Bibi Maximilla, akauliza watu hao wanatoka wapi.

Zuhra hakujua. Angesema hajui, mambo yangeishia hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

"Hospitalini," alijibu. "Ukifia chumba cha upasuaji na huna ndugu karibu, hawakurudishi kwenu. Wanakupeleka chuo."

Jioni ya siku iliyofuata, wakati wa chakula, mama alisema kwamba Bibi Maximilla ameufungua mfuko wake na kurudisha nguo sandukuni. Muuguzi alikuwa amekuja kumwita, bibi akamfungia mlango. Alisema watoto wake wote wako mbali, kijijini Kitanga, na ni heri afe na rovu lake azikwe kando ya mumewe kuliko kukatwakatwa na wanafunzi. Daktari naye alikuwa karibu kuondoka. Baba alijiuliza ni nani aliyemtia mama wa watu maneno hayo.

Zuhra alirudisha tonge lake sahanini. Uso ulimwaka moto, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimfuata Shadia uani, akamweleza yote huku akilia.

Shadia hakumfokea. Alilishusha koti lake, akalikunja taratibu, na upole huo ulimuumiza Zuhra kuliko fimbo.

"Yule maiti uliyemfanyia mchezo ni mwalimu wangu," alisema hatimaye. "Siku ya kwanza tulisimama mbele yake tukiwa tumeinamisha vichwa. Hakuna anayeletwa pale kwa kuviziwa, Zuhra. Kuna sheria na vibali, na ndugu hutafutwa kwanza. Sasa twende kwa bibi. Utasema wewe, si mimi."

Bibi Maximilla aliwafungulia kwa shida. Japhet alikuwa nyuma yake. Zuhra alishindwa kuinua macho.

"Bibi, nilidanganya," alisema. "Sikujua, nikabuni. Nisamehe."

Bibi aliketi. Alipumua kwa mluzi, kisha akamuuliza Shadia kama ni kweli hawatamchukua. Shadia alipiga magoti mbele yake na kumwahidi kwamba yeye na mama watakuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji mpaka atoke.

"Na sauti yangu?" bibi aliuliza.

"Nyuma ya rovu unapita mshipa mwembamba wa sauti, bibi. Mwalimu wangu yule, aliyelala kimya mezani, ndiye aliyenionyesha. Daktari wako naye alifundishwa na mtu kama yeye. Atautafuta kwanza ndipo akate."

Bibi alimtuma Japhet alete mfuko.

Alipasuliwa kabla daktari hajaondoka. Zuhra alipokwenda kumwona, alimkuta na bendeji shingoni, akinywa uji. Alisimama mlangoni, akihofu kwamba ile sauti imepotea. Bibi aliweka kikombe chini.

"Mwakeye, mwana wanje," alisema. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake.

Zuhra alifunika uso kwa mikono, akashindwa kuitikia. Bibi alimvuta kando yake kitandani.

"Nimekusamehe," alisema polepole. "Ila ukirudi shule, waambie wenzako kweli, palepale uliposemea uongo. Na siku nyingine ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Neno hilo halijamuua mtu. Lile lako nusura liniue."

Zuhra aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo, akairudisha salamu ya bibi.