Kwanza Mafuta Yapate Joto

*Jumamosi, saa ya chai*

Chumba cha nyuma cha yadi ya vyuma chakavu, nje kidogo ya mji wa Thetford, Uingereza. Kilinuka dizeli na mbwa aliyeloa. Dougie Sprake, mwenye yadi na mwenye dili, alisogeza vikombe kando akaweka sufuria katikati ya meza.

"Hili ndilo kanisa." Akaweka kopo la biskuti pembeni. "Hili banda la mzee. Lori litakuwa hapa, uwanja wa ndege wa zamani. Swali?"

"Mzee mwenyewe atakuwa wapi?" aliuliza Maxine. Yeye ndiye dereva wa lori, mwanamke wa mabega mapana na maneno machache.

Dougie alimgeukia mtu wa tatu. "Mwambie, Terence. Si rafiki yako?"

Terence Goodrum aliikazia macho sufuria. Alitamani Dougie angetumia neno lingine badala ya "rafiki".

"Ivor hupiga kengele za kanisa kila Jumapili," alisema. "Wako sita mnarani, kila mtu na kamba yake. Hawezi kuiachia katikati, atawaharibia wenzake. Kengele zikilia, yuko mnarani. Zikinyamaza, anarudi nyumbani kulisha paka."

Dougie alicheka hadi akakohoa. "Yaani Mungu mwenyewe ndiye saa yetu!"

Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Walichokuwa wanakitaka ni gari la njano aina ya Merrin. Kigari cha watu wawili, kifupi cha kimo, chepesi kiasi kwamba wanaume wanne wenye nia wanakinyanyua. Paa lake ni kitambaa, mvua inaingia inavyotaka, na mwenye nalo hutembea na sifongo ya kukamulia maji kwenye kiti. Nyuma linabeba mswaki na soksi. Ukiwa nalo, mkeo atakuuliza mara moja kwa wiki kama una akili timamu, nawe hutakuwa na jibu. Lakini likiingia kona, unasahau maswali yote.

Terence alikuwa nalo pia, jekundu. Tangu majira ya baridi yaliyopita lilikuwa limelala chini ya turubai. Aliliingiza mtaroni kwenye kona ileile aliyowaonya wenzake wote wa klabu ya wenye Merrin. Chesisi ya Merrin ni alumini iliyounganishwa kwa gundi. Ikipinda imepinda, hakuna fundi wa kuinyoosha, na kiwanda kilishafungwa. Klabuni alisema anatengeneza injini. Uongo huo aliulea mwaka mzima kama mtoto wa kuzaa.

"Injini na bodi zangu," Dougie alisema. "Chesisi yako. Unakwenda zako nyumbani, unaivisha nguo zako nyekundu, nani atajua?"

"Tunamwibia mtu mzima kwa ajili ya vyuma," Maxine alinung'unika.

"Alumini," Terence alisahihisha. Kisha akaona haya kwa kusahihisha.

*Jumapili, kengele zinaanza*

Terence hakuvunja kitu. Alikuwa na ufunguo wa banda. Ivor Bunn alimpa kwa mkono wake, siku aliyokwenda hospitali kubadilishiwa nyonga, ili amlishie paka. Tangu hapo hakuudai.

Paka mwenyewe alikuja akajisugua kwenye suruali ya Terence. Akamsukuma taratibu kwa kiatu.

Akafunua turubai. Akaketi juu ya kizingiti cha gari, akapitisha miguu, akateleza ndani hadi mgongo ukagusa kiti. Hakuna njia nyingine ya kuliingia. Atakayejaribu ataacha ngozi ya goti. Akapapasa chini ya kiti, akabonyeza swichi ya siri. Swichi hiyo aliifunga yeye, kwa ombi la Ivor, ili wezi wasiliwashe.

Injini ikaamka. Terence akatulia, mguu ukigusa pedali kidogo tu.

Simu ikalia. "Nasikia injini," Dougie alisema. "Sisikii gari likienda. Unangoja nini?"

"Mafuta yapate joto."

"Nini?"

"Ukiikimbiza injini hii oili ikiwa baridi, unaiua."

"Unaiba gari, we fala! Umesikia? Unaiba!"

"Najua ninachofanya," Terence alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Ivor ndiye aliyemfundisha. Siku ya kwanza kabisa, mzee alikaa kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti. *Kwanza mafuta yapate joto, kijana wangu. Haraka ina wenyewe.* Terence alingoja. Kengele sita zilishuka ngazi zao za sauti, kutoka nyembamba hadi nene, juu ya paa za kijiji, na mojawapo ilikuwa mikononi mwa Ivor.

Mshale wa joto ulipopanda akatoka.

Barabara ilikuwa nyembamba, kavu, yenye ua wa miiba pande zote. Kona ya kwanza, gari likageuka kabla hajamaliza kulitaka ligeuke. Mwaka mzima hakuionja raha hiyo. Akajikuta anatabasamu peke yake kama mwendawazimu, na tabasamu hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe.

Ndipo Merrin la buluu likatokea mbele.

Wenye Merrin hawapitani kimya. Lazima mkono uinuke. Usipoinua, Jumapili ijayo utasemwa kwenye kifungua kinywa cha klabu, mbele ya soseji na mayai. Kila mtu ana mkono wake. Ivor huvua kofia. Terence huinua vidole viwili tu, bila kuachia usukani.

Vidole viwili vikainuka. Havikumwuliza.

Dereva wa gari la buluu alikuwa Philippa Quantrill, katibu wa klabu. Terence alimwona akifungua kinywa kwa furaha. Kwenye kioo akaona taa nyekundu za breki.

*Kengele bado zinalia*

Lori lilisimama nyuma ya banda bovu la uwanja wa ndege, daraja lake la kupandishia likiwa limeshushwa. Terence alilipandisha gari taratibu. Katikati ya daraja akaona msumeno wa umeme sakafuni mwa lori, diski mpya. Akafunga breki.

"Huo wa nini?"

"Wa kukatia," alisema Dougie.

"Kukata nini?"

"Chesisi ina namba, Terence. Unadhani nitaiacha itembee mitaani na jina langu? Vipande vinne, tunaiyeyusha. Panda."

"Tuliahidiana."

"Wewe ulimwahidi nini yule mzee?"

Maxine, kwenye kiti cha dereva, aligeuza uso.

Sauti ya injini ndogo ikakaribia. Gari la buluu likaja likasimama mita chache kutoka daraja, na Philippa, kafungwa mikanda minne kama mtoto mgongoni, akapaza sauti.

"Terence! Nimegeuza kwa ajili yako! Ivor kakupa uliendeshe? Twende kifungua kinywa, bwana, tumekukosa!"

Dougie aliokota nondo. "Unamjua huyu?"

"Simjui," Terence alisema.

Philippa alicheka, akidhani ni utani wake. Kisha akauona msumeno. Akaiona nondo. Kicheko kikamkauka, na macho yake yakabaki kwa Terence, yakimwuliza. Terence alitazama usukani.

Dougie akaanza kushuka. Philippa akahangaika na mikanda. Mtu hatoki kwenye Merrin kwa haraka. Kulitoka ni kazi kama kuliingia.

"Dougie, muache," Maxine alisema kutoka dirishani. "Mimi nimekuja kubeba gari."

"Funga mdomo."

Nondo ikapanda juu ya kichwa cha Philippa.

Terence akatia rivasi, akakanyaga mafuta hadi mwisho, akakata usukani. Gari la njano likaruka kutoka ubavuni mwa daraja, nyuma likamzoa Dougie miguu, tumbo la gari likatua juu ya zege. Ndani ya kishindo hicho kulikuwa na sauti nyingine, kavu, fupi. Terence aliijua. Aliisikia mara moja mtaroni.

Dougie alipiga yowe, mfupa wa muundi umetokeza kwenye suruali. "Max! Max, nibebe!"

Maxine alimtazama kwenye kioo. Akatia gia. Lori likaondoka, daraja likiburuzika na kutoa cheche, na hapo ndipo Terence aligundua kwamba mbali kule hakuna tena kengele.

*Kengele kimya*

Philippa ndiye aliyewaita polisi, na ndiye aliyemleta Ivor, kwenye kiti cha pembeni cha gari la buluu. Dougie alikwishachukuliwa na gari la wagonjwa.

Mzee alianza kutoka. Nyonga ikagoma. Kila mara Terence ndiye humpa mkono wa kumvuta, na mazoea yakamtuma hatua moja mbele kabla pingu hazijamkumbusha. Ivor aliona. Askari wa kike ndiye aliyemsaidia kusimama.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake. Akapitisha kiganja kwenye kizingiti, polepole, kikasimama mahali alumini ilipokunjamana.

"Imepinda," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kama lako."

Terence aliinua uso. "Ulijua?"

"Nilikuja kuona, ulipokuwa kazini. Nilifunua turubai. Nikasema, atasema mwenyewe." Ivor alifuta vumbi kiganjani. "Mwaka mzima nakungoja useme."

Laiti angemtukana. Laiti angempiga hata kofi. Terence alisimama pale, masikio yakiwaka, akitamani zege limfunike.

"Uliacha mafuta yapate joto?" Ivor aliuliza.

"Ndiyo."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyepokea kazi ndogo iliyofanywa sawa. Kisha akasogea karibu.

"Ufunguo wa banda," alisema. "Paka hajala."

"Mfuko wa kulia," alisema Terence.

Ivor akautia mkono mfukoni mwa Terence, akautoa ufunguo bila kumtazama usoni, akarudi kwenye gari la buluu kuanza kazi ndefu ya kuingia.