Eti Anatembea Naye!

Duka la viatu lilifurika watu. Mama Cherehani, fundi nguo wa miaka hamsini na mitatu, gauni la maua na miwani kichwani, alishika kiatu kimoja tu. Cha pili kilikuwa mkononi mwa mwanamume mwenye shati la bluu lililonyooka kwa pasi.

"Bibie, hiki ni cha kukimbilia mlimani. Meno ya soli huyaoni?"

"Ndicho ninachotaka. Lami imenimaliza magoti."

"Umewahi kukimbia huko?"

"Bado. Kuna nini?"

Mwanamume, mfamasia wa mtaa wa pili, akacheka. "Njoo Jumamosi ujionee."

Mama Cherehani akaenda. Miaka yote lami, leo mizizi na tope! Akauliza kila kitu: ndege gani yule, njia ile inatokea wapi. Mwinuko ulipoanza, mfamasia akaacha kukimbia.

"Hapa tunatembea."

"Tembea wewe!"

Hakufika mbali, akaketi chini akihema. Walicheka mpaka machozi.

Jumamosi zikafuatana, na simu za jioni nazo.

"Umelala, mpenzi?"

"Nitalalaje na wewe unapiga?"

Fundi alikuwa amempenda, basi, hata kwenye cherehani anatabasamu peke yake.

Kisha mdogo wake akapiga. "Dada, kumbe mfamasia anatembea na wewe? Kawaambia wateja dukani kwake, tena kwa sauti!"

Anatembea naye! Kama kimada! Fundi aliona aibu, akaacha kupokea simu za mfamasia. Jumamosi alirudi kwenye lami. Goti likauma, moyo ukazidi.

Mfamasia akamfuata kazini, akamkuta anampima mteja kiuno.

"Nimekukosea nini?"

"Eti unatembea na mimi?"

"Si kweli? Mwinuko wote ule, tulikimbia lini?"

Mteja akaangua kicheko.

"Mtu mzima wewe, hujui watu wanaelewaje neno hilo?"

Mfamasia akaelewa. Uso ukamshuka. "Lo! Nisamehe, mpenzi. Mimi nataka kukuoa."

"Unasema hivyo mbele ya mteja?"

"Nimekuharibia jina mbele za watu. Acha nilisafishe mbele za watu."

Fundi akachomoa futi kiunoni mwa mteja, akamzungushia mfamasia kifuani.

"Simama wima," alisema. "Suti ya harusi yangu haishoni fundi mwingine."