Mkono Ulionyanyuliwa na Wimbo

Sauti ilifika kwanza. Gari la kampeni lilikuwa bado nyuma ya mikorosho, hata vumbi lake halijaonekana, lakini sauti ilikuwa imeshaingia uani, ikapita juu ya kuku na masufuria, ikaketi na Sadique barazani:

*Aliye wetu jamani, anyanyue mkonowe,*
*asijifiche pembeni, nimjue ni mwenyewe.*

Sadique aliinamisha kichwa. Sauti ile ilikuwa yake.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza ya mama mkwe wake kama mtu aliyekuja kuomba moto. Ndani, nyuma ya pazia la kitambaa cha kapulana, mkewe Sumaia alikuwa akikuna nazi. Mkwaruzo wa mbuzi ukakatika.

"Mama," Sumaia aliita, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "mwambie huyo mgeni wako achague. Yuko garini au yuko barazani?"

Bi Awa, mama yake, alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alimtazama mkwewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mjibu. Mimi si simu."

"Sumaia, mke wangu, naomba..."

"Mama, mwambie mke wake bado yuko mkutanoni. Amenyanyua mkono, anasubiri aambiwe aushushe."

Hapo alimpata pabaya.

Mwanzo wimbo ule haukuwa wa chama. Sadique aliutunga kwenye harusi moja pale pale Kibunju, wanawake wa ngoma ya tufo wakiwa wamepaka urembo mweupe wa msiro usoni, naye amemwona msichana mmoja katikati yao na hajui jina lake. Akaimba kutoka upande wa wanaume: *Anipendaye jamani, anyanyue mkonowe.* Uwanja mzima ukacheka. Halafu, nyuma ya mabega ya wenzake, mkono mmoja wenye hina ukapanda. Walipooana, yeye ndiye aliyehama, kama ilivyo desturi ya huko, akaja kuishi kwa kina mkewe, kwenye minazi ambayo bibi yake Sumaia aliwaachia wanawake wa ukoo.

Kisha gesi ikaonekana baharini, na mwaka wa uchaguzi ukafika. Katibu wa chama, Gregório, mtumishi aliyeletwa kutoka kusini, alimtaka wimbo. Sadique alikuwa mtoto wa nyumba ambayo kadi ya chama ilikaa mkoba mmoja na msahafu. Hakuwahi hata kufikiri kwamba karatasi ya kura ina sehemu nyingine ya kuweka alama. Alibadili maneno mawili tu, akautoa. Kila jioni watu walikuwa wakiuitikia kwa mikono juu, watoto kwa wazee, na yeye akiona raha.

Halafu wakaja wageni wa gesi, na mkalimani. Wakauliza kama kijiji kinakubali kuhamishwa. Watu wakanyamaza. Gregório akamtazama Sadique, akanyanyua nyusi, na Sadique akaimba. Mikono ikapanda kama inavyopanda kila jioni. Kamera ikapiga. Mkalimani akasema wamekubali, na viti vikaanza kukunjwa kabla watu hawajashusha mikono vizuri. Wazee walipokwenda wilayani kulalamika, walionyeshwa picha.

Mkono wa kwanza kupanda siku ile ulikuwa wa Sumaia.

"Mama," sauti ya ndani iliendelea, "mwambie pia Jumamosi gari la Namoto, la mpakani, likipita naondoka. Navuka kwa shangazi Mtwara. Minazi imeondoka kwa wimbo, mume kaingia kwenye spika. Nabaki na nini hapa?"

Mbuzi ikaanza tena kukwaruza, kwa nguvu zaidi. Sadique alivaa viatu vyake akatoka.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya msikiti alisimama, akapiga simu.

"Camarada Gregório, ndugu yangu, naomba mzime sauti yangu kwenye gari."

"Kuna hitilafu? Huku inasikika vizuri sana."

"Hakuna hitilafu. Mimi sitaki."

Gregório alicheka kidogo. "Poeta, mshairi wetu, ulirekodi kwa hiari yako. Ukaomba tena urudie ili itoke tamu. Sasa ni ya chama."

"Siku ya mkutano ulinitumia."

Gregório aliacha kucheka.

"Nisikilize. Mimi nilinyanyua nyusi tu. Ungekohoa, ungesema koo linawasha, nisingekulaumu. Wewe uliimba, ukaongeza na ubeti wa pili ambao sikuuomba. Mimi mtu wa kuhamishwa, mwakani labda niko Nampula. Wewe ndiye wa hapo."

Simu ilipokatika ikaingia meseji: *Jumapili tunafunga kampeni. Wimbo wako ndio wa mwisho. Usituangushe, camarada.*

Kwa baba yake alikuta bakuli la muhogo linamsubiri. Mzee Abacar alikuwa amekaa nje. Macho yalikuwa yamemwacha siku nyingi, lakini kofia yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayetazamwa.

"Gari limepita," alisema kwa furaha. "Nikamwambia jirani, huyo ni wangu. Kwa macho sikuoni, mwanangu, lakini kwa masikio nakuona vizuri sana."

"Baba..."

"Jumatano utanipeleka kupiga kura?"

"Nitakupeleka, baba."

"Na mkeo hajambo? Mbona siku hizi unalala kwangu?"

"Ana wageni."

Uongo ulimtoka mwepesi, kama kitu alichozoea. Mzee akamsogezea bakuli.

"Kula basi. Usije ukapoteza sauti."

Sadique alikula. Kila tonge lilipita kooni likigusa mahali pale pale ambapo nyimbo zilikuwa zikitokea.

Jumamosi asubuhi gari la chama lilipoingia Kibunju, watu walimwona mtu anatembea nyuma yake, kwenye vumbi, bila fulana ya kampeni. Kila gari liliposimama, naye alisimama. Spika ilipopumua, yeye alisema.

"Huyo wa kwenye gari ni mimi. Msimwitikie."

Wanawake kisimani walicheka mpaka ndoo zikayumba.

"Sadique, unagombana na nani asubuhi hii?"

"Na mimi mwenyewe."

"Sasa tumsikilize yupi?"

"Huyu anayetembea."

Stélio, dereva, alitoa kichwa dirishani. "Poeta, basi panda humu. Utachoka kujifukuza."

"Endesha tu, ndugu yangu."

Mbele ya nyumba ya pembeni, Bi Mariamo, mmoja wa wazee wa kijiji, alikuwa ameegemea fimbo yake. Alimngoja amalize, akamuuliza taratibu:

"Kwa hiyo mkono wangu niushushe?"

"Ushushe, bibi. Siku ile hukukubali kitu. Uliitikia wimbo."

"Mimi hilo nalijua. Picha ndiyo haijui." Waliokuwa wakicheka wakaacha. "Jumatatu wazee wanarudi wilayani. Haya unayoyasema nyuma ya gari, utayasema na mbele ya mkubwa?"

"Nitayasema."

"Haya. Tutakuona."

Sadique alikuwa akitamani ile njia iishe, na hapo hapo akiiogopa, maana mwisho wake ulikuwa kwa Bi Awa. Alipofika, mzigo wa Sumaia ulikuwa barazani, umefungwa kwa kapulana ya harusi yao. Mwenyewe amekaa kando yake, amevaa nguo za safari. Gari la chama likapita, likaenda zake na sauti yake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano, Sumaia alimtazama usoni.

"Umechafuka."

"Vumbi la wimbo wangu, Sumaia, ndilo lililonivika..."

"Usianze. Sitaki beti. Sema kama watu."

Akaanza upya.

"Niulize, nitajibu."

"Siku ile ulijua?"

"Ubeti wa kwanza sikujua. Wa pili nilijua. Nilimwona mwenye kamera anapanda juu ya kiti."

"Ukaacha?"

"Sikuacha. Nilipandisha sauti." Alijifuta uso, vumbi likageuka tope. "Wakubwa walikuwa wananitazama. Nikauona mkono wako, nikajua unaunyanyua kwa ajili gani. Nikafumba macho, nikaimba."

Bi Awa aliweka ungo chini.

"Nilijua utasema ulilazimishwa," Sumaia alisema. "Nilikuwa na jibu la hilo. Nimelipanga siku nyingi."

"Sikulazimishwa."

"Minazi ile hata baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuiita yake. Wewe ulipewa hapa mahali pa kuweka viatu, Sadique. Ukaigawa minazi yetu. Tena kwa wimbo wangu."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Nikisema zaidi itakuwa kama najitetea."

Sumaia alitazama pembeni. "Na Jumatano?"

"Jumatano chama siwapi kura yangu."

"Unasema. Mle ndani ni wewe na karatasi. Mkono wako nani atauona?"

"Hakuna."

"Basi nitajuaje?"

Honi ilisikika kutoka barabarani: gari la Namoto. Sumaia alisimama, akashika fundo la mzigo. Sadique alitoa simu yake mfukoni. Alikosea namba, akarudia. Akaiweka simu juu ya baraza, sauti ya juu, kila mtu asikie.

"Sadique," ilisema sauti ya Mzee Abacar. "Afadhali umepiga. Jirani kaja na upuuzi hapa, eti unalifuata gari ukilipinga. Nikamwambia amekufananisha."

"Hakunifananisha, baba. Ni mimi."

Sadique aliinamia simu.

"Na mke wangu hana wageni. Alinitoa nyumbani, na alikuwa na haki. Wageni wa gesi walipouliza kama watu wanahama, hakuna aliyesema ndiyo. Mimi niliimba, watu wakanyanyua mikono kwa wimbo, nikanyamaza huku mikono yao ikiitwa ndiyo. Na hiyo sauti unayojivunia kwa jirani ndiyo iliyofanya hivyo. Nilipaswa kukwambia juzi. Niliona haya, nikala muhogo wako."

"Nyumba hii ni ya chama," mzee alisema, sasa kwa taabu. "Mimi nilibeba masanduku ya risasi mgongoni, nikiwa mdogo kuliko wewe, kwa ajili ya ardhi hii."

"Najua, baba. Kwa ajili ya ardhi. Ndiyo hiyo niliyoiimba ikaondoka."

Honi ililia tena, kwa hasira. Sumaia hakugeuka.

"Mama," alisema, "mwambie dereva apite."

"Mimi si simu," Bi Awa alijibu, lakini tayari alikuwa ameinuka, anatembea haraka kuliko umri wake.

Sumaia aliusogeza mzigo. Hakuuingiza ndani wala hakuufungua, aliusukuma pembeni tu, pakabaki nafasi ya mtu mmoja kukaa. Sadique aliiona ile nafasi, asithubutu kuikalia. Alipiga goti mbele ya simu kama baba yake yupo pale.

"Kwa hiyo Jumatano hutanipeleka," ilisema sauti ya mzee, ndogo, kama ya mtu aliyeachwa njiani.

"Nitakupeleka, baba. Nakuahidi, na mke wangu anasikia. Nitakuja asubuhi, nitakushika mkono mpaka kwenye mstari. Utaniambia pa kukuwekea alama, nami nitaiweka hapo hapo unapotaka wewe, sitakuibia. Kisha nitapiga yangu, na yangu safari hii haiendi kwa chama. Na kama wakati wa kurudi hutaki tena kunishika mkono, nitatembea nyuma yako, polepole, mpaka ufike nyumbani."