Vidonge Vitamu na Nyuso Mbili

Kila asubuhi, kabla ya chai, mapacha wawili waligombania kioo kidogo cha bafuni. Mmoja aliitwa Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa. Mwenzake alikuwa mtu wa maneno machache, wakamwita Kimya. Wote wawili walikuwa na chunusi tele kwenye paji la uso.

Shangazi yao, ambaye hapitwi na jambo jipya, akamletea kila mmoja kichupa cha vidonge vya homeopathi, vidogo kama punje za uwele na vitamu kama peremende. Mama yao, msusi, hakubisha.

"Mmung'unye tu," alisema, "lakini mafuta ya nywele yasishuke tena usoni. Mnawe kwa sabuni, na msitumbue."

Baada ya wiki chache nyuso zikatakata. Kiherehere alifurahi mno, akakimbilia shuleni bila kumaliza chai, akamweleza rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani. Twiga alikuwa na chunusi kubwa zenye usaha, na zahanati ilikuwa imempa dawa ya kupaka.

"Achana na hiyo ya kukuwasha bure," Kiherehere akamwambia. "Kesho nakuletea vidonge. Mimi na pacha wangu ndio ushahidi."

Twiga akamwamini, akaitupa dawa yake kwenye pipa la taka.

Jioni Kiherehere alimwambia pacha wake kuwa anatafuta vidonge vya kumpelekea Twiga, akakuta kichupa chake ni kitupu.

"Mpe changu," Kimya akasema, akakitoa sandukuni. Kilikuwa kimejaa pomoni.

"Hukula hata kimoja?"

"Sipendi vitamu. Nilinyamaza nisimuudhi shangazi."

Kiherehere akamtazama pacha wake usoni. Paji lilikuwa safi kama lake. Basi vidonge vimefanya nini? Na Twiga je? Moyo ukamwenda mbio, miguu nayo ikafuata, hadi nyumbani kwa Twiga.

"Nimekupotosha," alisema akihema. "Vidonge si kitu. Twende zahanati ukaombe dawa nyingine."

"Wewe na ulimi wako," Twiga akanuna, lakini akavaa viatu.

Muuguzi aliwasikiliza, akampa Twiga dawa nyingine, kisha akamgeukia Kiherehere.

"Dawa ya vidonge hivyo huzimuliwa kwa maji mara nyingi mno, hata isibaki. Vimepimwa, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba vinatibu chunusi."

"Mbona nimepona?"

"Huenda ni kuacha mafuta, huenda ni muda tu. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Vidonge vyako viliwika, ukadhani ndivyo vilivyoleta asubuhi. Siku nyingine, kabla hujaisifu dawa, uliza: na yule asiyeitumia, amekuwaje?"

Kiherehere akainamisha kichwa.

"Usione haya, mwanangu," muuguzi akasema. "Kukosea tunakosea sote. Wachache ndio hukimbia kurekebisha siku hiyohiyo."