Buibui wa Chini ya Mabati

Miaka ile ya Zaïre, kila Jumamosi asubuhi Kolwezi nzima ilitoka kwenye salongo, kazi ya usafi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikwepa. Mwanvua, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliachiwa bustani ya mboga za lengalenga nyuma ya nyumba yao. Mama yake, Hawa, alimwagiza ang'oe magugu yote na kuyapeleka kwenye shimo la taka.

Shimo lenyewe lilikuwa mbali, na jua nalo kali. Mwanvua akaona ayasukumie magugu chini ya mabati makuukuu yaliyoegemezwa ukutani. Alipoinua bati aliwaona buibui wadogo weusi, wanaong'aa, wenye doa jekundu tumboni. Tangu azaliwe hakuwahi kuwaona wa namna ile. Akayasukuma magugu ndani, akaliachia bati upesi, na mama alipouliza, akajibu kwamba kila kitu kimekwenda shimoni. Ndiyo hivyo, uvivu haukumtosha, akaongeza na uongo.

Alasiri, Amisa, mdogo wake wa miaka minne, aliyekuwa akicheza kupika kando ya mabati, alikuja analia, ameshika mguu. Jasho lilimtoka na tumbo likamkaza. Neno alilolisema lilikuwa moja tu, buibui. Hawa akakimbilia bustanini, akamkuta buibui mkubwa wa mistari ya njano katikati ya utando wake. Akamnasa kwa chupa, akambeba Amisa mgongoni, wakaenda mbio zahanati. Mwanvua alifuata nyuma.

Muuguzi, Mama Mianda, aliitazama chupa akatulia. Akaeleza kwamba buibui huyo anatisha kwa macho tu, kazi yake ni kula nzi na panzi. Akasema atampaka mtoto dawa, kisha warudi nyumbani.

Mwanvua alijua si huyo. Akisema, mama atajua amedanganywa, na baba akirudi na lori kutoka Lubudi ataambiwa yote. Lakini Amisa alikuwa akijikunja kitandani, midomo inamtetemeka. Mwanvua aliogopa mdogo wake atakufa.

"Mama, si huyu," alisema. "Mi sikupeleka majani kwenye shimo. Niliyaficha chini ya mabati. Kule niliona wengine, weusi, wa doa jekundu. Amisa alikuwa anacheza kupika na majani yale."

Hawa alimgeukia. Mama Mianda akauliza ukubwa wa wale buibui na mahali doa lilipo, na Mwanvua akajibu yote bila kuficha. Papo hapo muuguzi akatambua ni buibui wa sumu, akamdunga Amisa sindano ya kutuliza maumivu na kuagiza gari la kumpeleka hospitali kubwa. Alilazwa siku mbili, na siku ya tatu, akiwa amerudi nyumbani, akaomba bukari, ugali wa kwao.

Jumatatu Mwanvua na mama yake walivaa buti za baba na za jirani, wakavuta mabati yale kwa reki, wakachoma takataka zote. Hawa hakumpiga, ila majivu yote alimwachia yeye ayabebe hadi shimo la taka.

Jioni Mama Mianda alipita kumwona mgonjwa wake. Akamketisha Mwanvua karibu naye.

"Mwanangu, buibui hana kosa, anakaa penye giza," alisema. "Wewe ndiye uliyempelekea mutoto majani ya kuchezea pale. Kazi ukipewa, maliza. Na ukikosea, sema siku ileile. Juzi ungechelewa kusema, leo tungekuwa tunalia hapa."